Barua Haitembei Peke Yake

Bi Mwanahawa,

Leo Bi Tausi amerudi kazini.

Hapana, ngoja. Shikamoo. Najua ungenirudisha mlangoni nianze upya, kama ulivyonirudisha siku ile ya kwanza nilipoingia ofisini kwako mbio, jalada mkononi, nikaanza kueleza habari za jalada kabla sijakuuliza umeamkaje. Nilikuwa na shahada mpya ya utumishi, nimetoka kwetu Kiwangwa kwenye mananasi, nikajiona nimefika. Ukanitazama juu ya miwani ukasema, "Toka, urudi. Lililoingia hapa ni jalada, mtu bado sijamwona." Nikatoka, nikarudi. Nimekaa chini yako miaka tisa, na hadi leo nikishika kitasa cha mlango wa mtu yeyote nakukumbuka.

Basi shikamoo, Bi Hawa. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimechelewa. Binti yako Salma tulionana Ijumaa, amenenepa kidogo, anasema tangu uondoke anakula sahani yake na yako. Kiti chako cha ofisini bado kinalia kikiinamishwa nyuma. Fundi alikuja kukitia mafuta nikamwambia akiache.

Sasa habari. Bi Tausi amerudi. Amefika saa moja na nusu, eda imekwisha juzi, amevaa gauni jipya la kijani na kuketi kwenye meza yake pale maktaba, anapokea vitabu vya wanafunzi na kuwagombeza kwa kukunja kurasa. Nimekwenda mwenyewe kumwona. Nikarudi ofisini, nikafunga mlango, nikapumua. Nimekaa miezi miwili na kitu sijavuta pumzi ikafika chini.

Huijui habari yenyewe, ilitokea baada yako. Na wewe umo ndani yake, tena sana. Nivumilie niieleze tangu mwanzo.

Mumewe Bi Tausi, yule fundi wa majokofu, alifariki wiki tatu kabla yako. Ulikwenda msibani na gari la ofisi. Nilikuwa nawe. Ulifungua buti ukatoa zile ndara zako na kanga ulizoziweka humo kwa ajili ya misiba, ukaacha viatu vya ukurugenzi ndani ya gari, ukaingia kwa wanawake. Mimi nilibaki na wanaume, tukamsalia marehemu, nikawa miongoni mwa waliobeba jeneza hadi makaburini. Wakati wa kurudi, tulipofika barabara kuu, ukasema umeshamwambia Tausi akae amalize eda yake, kazi haitamkimbia. Nilisikia. Nakumbuka nilikuwa natafuna karanga.

Halafu Jumatatu moja uliniaga ukisema kesho tupitie majalada ya wanaostaafu. Jumanne asubuhi Salma akanipigia simu.

Mazishini kila aliyeshika kipaza sauti alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara ya nne nilitamani kuondoka. Mimi ndiye niliyetazamwa kuwa mhunzi, na koleo ni wewe, umelazwa mbele yetu umefunikwa. Keshokutwa yake nikapewa barua ya kukaimu: Kaimu Mkurugenzi wa Rasilimali Watu na Maendeleo ya Taasisi. Jina refu. Ulizoea kusema jina hilo lina watu mwanzoni na taasisi mwishoni, na anayesoma haraka huanzia mwishoni.

Mimi nilianzia mwishoni, Bi Hawa.

Unakumbuka ule mfumo wa kompyuta wa mahudhurio, uliokuwa ukiuita "huyo bwana"? "Huyo bwana hajui kusalimia," ulisema walipokuja kuufunga, nikacheka, nikakuona mtu wa zamani. Basi mwezi wangu wa kwanza wa ukaimu huyo bwana akanitolea orodha ya watumishi sita waliokosekana kazini siku nyingi bila kibali. Nilitaka Makamu Mkuu wa Chuo aone kwamba idara haijalala. Nikaagiza barua sita za tuhuma za utoro kazini, zenye ile sentensi ya mwisho unayoijua, kwamba usipojieleza ndani ya siku kumi na nne utaondolewa katika utumishi. Zikaletwa mezani pamoja na makaratasi mengine. Nikasaini zote sita huku nikizungumza na simu. Mzee Athumani, mhudumu wetu, akazitia kwenye bahasha za kaki akaondoka nazo kwa baiskeli.

Ya nne ilikuwa ya Tausi.

Nimejitafutia udhuru kila mahali na sikupata. Ningekuwa mgeni wa pwani ningesema sijui eda ni nini. Mama yangu mzazi amekaa eda, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji ya kuoga. Nilijua. Nilimbeba mumewe begani, na mwezi na nusu baadaye nikamwandikia mjane wake kwamba ni mtoro. Karatasini lilikuwa jina na namba, nami nikasaini namba.

Na sikuipeleka mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu hilo hukunifundisha kwa maneno tu. "Barua haitembei peke yake," ndivyo ulivyosema, na kwa barua mbaya hukukubali kabisa. Ya uhamisho, ya onyo, ya kutopandishwa cheo, uliipeleka wewe. Ulimsalimu mtu salamu nzima, na watoto, na wazee. Ulikaa kwenye kiti kifupi kuliko chake. Ukamsomea. Halafu hukuondoka. Uliniambia kila barua mbaya ina swali moja ndani yake, na aliyeileta asiinuke kabla halijatoka. Nilikuona kule Kerege umekaa kwa yule dereva wetu saa nzima, kahawa imepoa, hadi alipouliza kama mwanawe ataendelea kusoma shule ya chuo. Jibu lilikuwa ndiyo. Ukamwambia, akatusindikiza hadi kwenye gari. Mimi wakati ule nilikuwa natazama saa.

Siku mbili baada ya bahasha kwenda alikuja ofisini Bi Kibibi, shangazi yake Tausi. Nikainuka nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaiweka barua mezani, akainyoosha kwa kiganja. Nikaisoma. Nikaona saini yangu. Hakunifokea, afadhali angefoka. Alisema hivi:

"Mwanangu, wewe si ulibeba jeneza?"

Nilisema nitalishughulikia. Akasema Mungu akuwezeshe, akaondoka, hakukubali hata maji.

Nikadhani ni jambo la kufuta barua tu. Nikamwita mwanasheria wa chuo. Akapekua jalada la Tausi ukurasa kwa ukurasa, halafu akaniambia hakuna kibali. Sera yetu inatoa siku saba za msiba. Kwa barua iliyokwisha kutoka kuna njia mbili: ama Tausi hakupewa ruhusa na yote ni maneno yake, hapo anaondoka, ama alipewa kwa mdomo na Mkurugenzi aliyekuwa hana mamlaka ya kutoa miezi minne kwa mdomo, hapo Mkurugenzi ndiye aliyevunja utaratibu, na hilo liandikwe. Akaongeza kwa upole kwamba marehemu hasemwi vibaya.

Bi Hawa, nilikukasirikia. Niseme tu, leo naweza. Niliketi kwenye kiti chako kinacholia nikakulaumu peke yangu kwa sauti. Kwa nini hukuandika? Mstari mmoja tu! Mtu uliyejua mtoto wa mlinzi anaumwa pumu na mke wa mtunza bustani anajifungua lini, kumbe ulikuwa umeweka chuo kizima kichwani, na kichwa umekwenda nacho. Ulinifundisha kwamba siri za watu ni amana, haziwekwi jaladani watu wakazisoma. Sawa. Lakini ruhusa si siri. Ruhusa ni ngao, na ngao ya Tausi uliishika wewe, ukaondoka nayo.

Halafu nikafanya jambo ambalo Salma halijui, wala mwanasheria. Nilichapa barua. "Ndugu Tausi, kibali cha kukaa eda," tarehe ya wiki moja kabla ya kifo chako, jina lako chini. Muhuri wako ulikuwa bado kwenye droo. Nilijiambia si uongo, maana uliyatamka maneno hayo na mimi niliyasikia. Tausi atabaki, jina lako litabaki safi, na mimi, ambaye usaili wa nafasi yako haukuwa mbali, nisingesimama mbele ya wakubwa kukiri kwamba nilisaini bila kusoma. Kila mtu angepona.

Nikaufungua muhuri. Nikaona wino umekauka pembeni, na hapo nikamkumbuka yule mkuu wa idara aliyekujia akitaka likizo yake iandikwe tarehe ya nyuma. Alikuwa mkubwa, alikuwa na haraka, alikuwa na marafiki. Ulimwagizia chai. Ukamwacha anywe hadi nusu, ukasema, "Tarehe ni shahidi, mwalimu. Tukimhonga mmoja, hata wale wa kweli hawataaminika tena." Chai ikamshinda kumaliza. Aliacha kukusalimia miezi mitatu nawe ukaendelea kumsalimia.

Nikaichana ile barua. Niliichana vipande vidogo, kisha nikaona aibu kuvitupa kwenye kapu la ofisi, nikaondoka navyo mfukoni hadi nyumbani.

Asubuhi nikaandika dokezo la ukurasa mmoja kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Niliandika kwamba marehemu Mkurugenzi alitoa ruhusa kwa mdomo, nje ya utaratibu, na mimi nilikuwepo. Kwamba Kaimu Mkurugenzi alijua, akasahau, akasaini bila kusoma. Kwamba mtumishi hana kosa. Nilisimamisha kalamu kwenye maneno "nje ya utaratibu", nikakuomba radhi, nikayaacha yalivyo. Dokezo sikumpa Mzee Athumani. Nililipeleka mwenyewe, nikasimama hadi Makamu Mkuu alipomaliza kulisoma. Hakuinua macho. Akasema litakwenda kwenye kamati Jumatano.

Usiku wa kuamkia Jumatano sina haja ya kuusimulia.

Kwenye kamati walikuwa saba. Nikalisoma dokezo lote kwa sauti. Mwanasheria akaeleza zile njia mbili. Halafu mkuu wa maktaba, yule mtu mkavu asiyecheka, akainua mkono. Nikajua kumekucha. Akasema yeye pia alipewa taarifa na Mkurugenzi kwa mdomo, akampangia mtu wa kumshikia Tausi nafasi, naye hakuandika kwa sababu aliona aliyetamka anatosha.

Meneja wa majengo akakohoa. Akasema kama ni hivyo, basi naye aandikwe, maana mwaka mzima alikuwa akiingia saa nne kwa ruhusa yako ya mdomo, akimpeleka mama yake Dar kusafishwa figo. Dada wa udahili akasema yeye alinyonyeshea mtoto wake katika chumba chako cha nyuma miezi sita, na hakuna karatasi. Mwingine akasema lake. Nikakutazama akilini nikaona unavyojifanya hujui kinachozungumzwa. Kumbe ulikuwa umetuvunjia utaratibu sote, mmoja mmoja, na kila mtu alidhani ni yeye peke yake!

Makamu Mkuu alisubiri wote wamalize. Akafunga jalada. Akasema, "Na mimi. Nilipokuwa mhadhiri, mke wangu alipougua."

Barua ya Tausi ilifutwa pale pale. Wale wengine watano wakaagizwa waitwe wasikilizwe upya, na watatu kati yao walikuwa na sababu za maana. Idara yangu ikapewa siku thelathini kuandika kanuni, kwamba mjane anayekaa eda ana likizo yake kwa maandishi, haiombi kwa huruma ya mtu. Nimeiandika. Imepita. Iko ukurasa wa kumi na tisa wa kitabu cha kanuni, mtu yeyote akikaa kwenye kiti hiki ataikuta, awe na moyo kama wako au asiwe nao.

Mimi nikapewa onyo la mdomo. Nikaomba liandikwe. Nadhani mkuu wa maktaba alitabasamu, ila sina ushahidi.

Alasiri ile ile nikaenda nyumbani kwa Tausi, mtaa wa nyuma ya soko. Nilikuwa nimeazima ndara zako kwenye buti, zimenibana, visigino vikawa nje. Nikaketi barazani kwenye ngazi ya chini, Bi Kibibi akaketi kizingitini, na Tausi akawa ndani nyuma ya pazia, kama inavyopasa. Nikasalimu salamu nzima. Nikaomba radhi. Nikaisoma barua ya kufuta barua, polepole, Bi Kibibi akitikisa kichwa. Sikuinuka. Kikombe cha kahawa kikaja, kikapoa. Sikutazama saa, Bi Hawa. Mara pazia likatikisika.

"Kaka Ramadhani, kazi ninayo?"

Nilikuwa nimesoma ukurasa mzima wenye jibu hilo, na bado alihitaji kuuliza. Nikamwambia, "Unayo, dada. Meza yako inakungoja." Nikamsikia akilia, na shangazi yake akaniambia sasa ninaweza kwenda.

Wiki iliyopita nilifanyiwa usaili wa nafasi yako. Wakaniuliza lile swali ulilonionya kwamba halikosi: kiongozi wa watu katika chuo anahitaji sifa gani? Nilikuwa nimekariri majibu mazuri ya vitabuni, dira, mkakati, mabadiliko. Nikajikuta nasema anahitaji miguu. Wakatazamana. Nikasema awe mtu wa kwenda kwa watu kabla karatasi haijafika, na akirudi aandike alichoahidi, ili akifa leo ahadi yake isife naye. Nikasema niliyemrithi alikuwa na miguu kuliko wote, na kalamu kidogo ilimshinda. Mimi nilikuja na kalamu tupu, na miguu nimeota juzi. Nikawasimulia kosa langu lote bila kuulizwa. Mmoja akauliza kama naona ni busara kulieleza kosa hilo siku ya usaili. Nikamwambia limo jaladani, nililiomba mwenyewe.

Majibu hayajatoka. Wakinipa, alhamdulillahi. Wasiponipa, nitamwonyesha atakayekuja ndara ziliko. Nilidhani ningekosa usingizi kwa ajili ya cheo hicho, lakini leo, nikimtazama Tausi akimgombeza mwanafunzi, niliona kwamba nilichokuwa nakiogopa kimekwisha kupita.

Nilikuogopea wewe pia. Niliogopa jina lako lingeingia kwenye jalada na doa. Limeingia, na maneno "nje ya utaratibu" yapo, kwa mwandiko wangu. Watu wanalitaja kwa sauti ya chini wakitabasamu. Nisamehe kama umeudhika. Sidhani umeudhika.

Nakuahidi jambo moja, na hili naliandika: barua yoyote mbaya yenye saini yangu, mbebaji ni mimi. Hata ikiwa ni Chalinze, hata jua likiwa kali.

Mwenyezi Mungu akupanulie ulipo, Bi Hawa, na akutulize kama ulivyotutuliza. Barua hii simpi Mzee Athumani. Ijumaa baada ya swala nitaileta mwenyewe. Nitavua viatu, nitakutolea salamu nzima, nitakaa chini, nikusomee mpaka mwisho.

Nikimaliza sitainuka upesi. Labda una swali.

Mwanao wa ofisini,
Ramadhani